Kicheko cha usiku wa kuamkia Ijumaa



Yeyote aliyeishi Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Manzese kufikia mwaka 2007 atakumbuka jinsi mitaa ilivyokuwa ikipungua watu usiku wa Alhamisi. Mabaraza yaliyozoea kujaa kahawa na kashata hadi usiku mwingi yalibaki na wazee wawili watatu, na muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake bila ya mteja. Kisha, ghafla, kicheko kilipasuka katika nyumba kumi kwa wakati mmoja, kana kwamba mtaa mzima umetekenywa ubavu mmoja. Mgeni mpita njia angeshangaa. Mwenyeji alijua kwamba Ze Comedy imeanza.

Kipindi hicho kilirushwa na kituo cha EATV, ambacho wengi walikizoea kwa jina la Channel 5. Waigizaji wake walikuwa vijana ambao majina yao ya jukwaani yalikuja kujulikana mitaani kuliko ya wabunge wengi: Masanja Mkandamizaji, Joti, Mpoki, Mac Regan, Vengu na Wakuvanga. Kazi yao haikuwa na makuu. Walisoma taarifa ya habari ya mzaha, wakaigiza nyimbo za wanamuziki wa bongo fleva kwa mavazi ya kuchekesha, wakaiga sauti na mwendo wa watu wakubwa, wakazungumza kwa lafudhi za mikoani. Joti alivaa gauni akawa bibi kizee, kesho yake akavaa kaptula akawa mtoto wa shule. Ndivyo ilivyokuwa, na kwa hayo tu nchi ilisimama.

Tumeona Ijumaa ya leo tukirudie kipindi hicho, kwa kuwa mabishano kiliyoyazusha katika familia za Kiislamu za vitongoji vyetu hayajakwisha hata sasa, ingawa wengi wa waliobishana wamesahau kwamba walibishana.

Ili kuelewa ukubwa wa jambo lile, msomaji kijana hana budi kukumbushwa hali ya nyumba zetu wakati huo. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulingoja hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza, vya watu binafsi, vikaanza Dar es Salaam. Televisheni ya taifa ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto wa Mbagala waliokuwa na umri wa miaka minane au tisa wakati wa Ze Comedy walikuwa, kwa hiyo, miongoni mwa wa mwanzo kukua na chombo hicho ndani ya nyumba. Nacho kilikuwa kimoja. Katika nyumba zetu za Uswahilini, zenye ukumbi katikati na vyumba vya wapangaji huku na huku, aghalabu alikuwapo mtu mmoja tu mwenye televisheni. Usiku wa Alhamisi alifungua mlango wake na kuigeuza iangalie ukumbini. Akina mama walitandika mikeka, akina baba wakavuta vigoda, watoto wa jirani wakaning'inia dirishani kwa nje, na wapangaji wanaogombania zamu ya kufagia uwanja wakaketi bega kwa bega. Umeme ukikatika, na mwaka 2006 hasa ulikatika kwa masaa mengi kutokana na ukame ulioyakausha mabwawa, mtaa mzima ulilalamika kwa sauti moja.

Basi hapo ukumbini ndipo lilipokuwa tatizo. Kipindi hakikuwa na mtazamaji mmoja. Kilitazamwa na bibi, mjukuu, mkwe, shemeji na mpangaji wa chumba cha uani kwa wakati mmoja, na kila neno lililotoka lilisikiwa na masikio ambayo adabu zetu hazikuyazoea kuyasikilizisha neno moja pamoja. Mzaha wa ndoa ambao wanaume wangeucheka barazani, na wanawake wangeucheka jikoni, sasa uliangukia katikati ya mkwe na mama mkwe. Tunakumbuka ukimya wa namna hiyo. Baba mtu alikohoa, mama mtu akamtuma binti akaangalie chungu ambacho hakikuwa jikoni.

Jambo la pili lilikuwa usiku wenyewe. Katika hesabu yetu siku huanza magharibi, na hivyo jua la Alhamisi likishazama ni Ijumaa tayari. Katika nyumba nyingi za Pwani usiku huo una mambo yake. Chetezo hutiwa udi, Yasini husomwa, marehemu wa nyumba hutajwa majina na kuombewa. Kwa watoto ilikuwa raha ya aina nyingine, kwani vyuo vya Qur'ani hufungwa Alhamisi mchana hadi Jumamosi, baada ya mwalimu kupokea ile ada yake ndogo ya Alhamisi. Mtoto aliyefunguliwa chuo alikuwa na usiku mmoja wa kukesha kidogo, na usiku huo ndio ulioangukiwa na Ze Comedy. Hatudhani kuwa aliyepanga ratiba ya vipindi aliwahi kufikiri juu ya chetezo za Tandika. Mabishano, hata hivyo, yalianzia hapo.

Wapo wazee waliosema wazi kwamba kipindi kimekula usiku wa Ijumaa. Walihesabu safu za sala ya Isha na kuona zimepungua, na waliobaki wakitoa salamu kwa haraka kama wenye gari linaloondoka. Wengine hawakuwa na shida na saa wala siku, bali na gauni la Joti. Walikumbusha kwamba Mtume (SAW) amewakemea wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume, na wakauliza mtoto wa kiume ajifunze nini kwa mtu mzima mwenye gauni. Waliowajibu walisema kwamba mwigizaji hajifananishi, anaiga kwa saa moja kisha anavua, na kwamba hakuna mtoto wa Mwananyamala aliyeondoka ukumbini akidhani Joti ni bibi kweli. Tulimfahamu bibi mmoja aliyekuwa wa upande wa kwanza. Hakutaka kabisa kusikia habari za mwanamume kuvaa gauni. Kila Alhamisi aliketi mlangoni mwa chumba chake, mgongo ameupa televisheni, tasbihi mkononi, na mabega yakimtikisika.

Vijana nao walikuwa na hoja zao, na hoja yao kubwa ilikuwa ya siasa. Wazee waliokulia enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam walikuwa na vichekesho vyao, wakina Pwagu na Pwaguzi, lakini kiongozi wa nchi hakuwamo humo. Kumsikia kijana wa mjini akitoa hotuba kwa sauti ya mheshimiwa, akavuta maneno kama mheshimiwa anavyoyavuta, lilikuwa jambo la kushika kichwa. Wauza mitumba wa Manzese na wapiga debe wa Rangi Tatu waliona kama wamelipwa deni. Wenzetu wa Kenya walikuwa wametutangulia: mwaka 1999 vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walitokea na Redykyulass na kumwiga Rais Daniel arap Moi angali Ikulu. Kiarie mwenyewe aliingia bungeni mwaka 2017 kwa tiketi ya Dagoretti Kusini, na sasa ni zamu yake kuigwa. Mwaka 2009 Kenya hiyo hiyo ikaleta XYZ Show ya vikaragosi, iliyobuniwa na mchora katuni Gado, ambaye ni mzaliwa wa Dar es Salaam.

Tukiri kwamba sisi tulicheka. Ukurasa kama huu ungeweza kujifanya ulikuwa msikitini wakati wote huo, lakini majirani wangetusuta. Tulicheka, na baada ya kucheka tukawa tunajiuliza maswali, na swali lililotusumbua zaidi halikuwa lile la kama Muislamu aruhusiwe kucheka.

Hilo kwa hakika lilishajibiwa zamani. Mtume (SAW) alikuwa na mzaha. Alipojiwa na mtu akiomba mnyama wa kupanda, alimwambia atampa mtoto wa ngamia jike. Mtu yule alifadhaika, akidhani atapewa ndama asiyepandika, hadi alipokumbushwa kwamba ngamia yeyote, hata awe mkubwa namna gani, ni mtoto wa ngamia jike. Ajuza mmoja naye aliambiwa kuwa vikongwe hawaingii Peponi, akaondoka akilia, ndipo akafahamishwa kwamba ataingia akiwa amerudishiwa ujana wake. Wala si mzaha tu, bali na kutazama pia. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (RA) kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume akasimama akimkinga ili yeye atazame nyuma ya bega lake, na hakuondoka mpaka mwenyewe alipochoka kutazama. Tunaomba msomaji auone usimamaji huo. Mume alisimama kwa kadiri ya hamu ya mkewe.

Lakini wanazuoni waliotuhifadhia habari hizo hizo wametuhifadhia pia sharti lake. Katika mizaha yake Mtume hakusema ila kweli, na alimwonya vikali mtu anayetunga uongo ili watu wacheke. Nayo Sura ya Al-Hujurat, katika aya yake ya 11, imekataza watu kuwadharau watu wengine, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau, na ikakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Kwa hiyo swali la haki, kwa maoni yetu, lilikuwa: anachekwa nani, na je, yupo hapa?

Hapa ndipo tunapopenda kukaa kidogo, kwa kuwa watu wa Pwani si wageni wa mambo haya. Kabla ya televisheni tulikuwa na utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na wajuzi wa historia wanasema jambo hilo linakwenda nyuma hadi siku za misafara, pale Wanyamwezi walipokuwa wakiteremka na pembe na mizigo kupitia Uzaramo kuelekea baharini. Mtani ana ruhusa ambazo ndugu hana. Atakuja msibani akakae juu ya udongo wa kaburi na kukataa kuondoka hadi apewe chochote, atamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, atawachekesha wafiwa wenye macho mekundu. Masheikh wengi hawakupenda mambo ya makaburini, na wana haki yao. Lakini angalia utaratibu uliokuwamo ndani yake. Mtani anajulikana ni nani kwa nani. Anafanya mzaha mbele ya uso wa anayetaniwa. Na zamu ikigeuka, akifiwa yeye, atalipiwa kwa kipimo kile kile. Hakuna Mzaramo aliyemtania mtu asiyeweza kumjibu.

Televisheni haijibiki. Mtu wa mkoani ambaye lafudhi yake imekuwa kichekesho cha nchi hana kipindi chake cha Alhamisi ijayo. Mpangaji wa chumba cha uani katika nyumba tuliyoitaja alikuwa ametoka bara mbali, Kiswahili chake kikiwa bado kinatafuta njia, na usiku ule alicheka pamoja na wengine. Asubuhi watoto walimsalimia kwa lafudhi ya televisheni. Alicheka tena. Ilipofika mwezi wa pili alikuwa akiondoka nyumbani bila ya kusalimia mtu. Hatusemi kwamba waigizaji walimkusudia yeye, hawakumjua. Hilo ndilo tunalolisema, kwamba hawakumjua.

Kwa upande wa pili, mfikirie marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 na kulilia na watu wa kila rika. Wazee wale wale waliozima Ze Comedy walimtazama Majuto kwenye kanda na sidii bila ya kujiona wamekosea, na vijana waliwacheka kwa kigeugeu chao. Sisi tunadhani wazee walikuwa na sababu ambayo hawakuweza kuieleza. Majuto aghalabu alijichekesha mwenyewe. Mzee mwenye tamaa, mzee mwoga, mzee anayeumbuka mbele ya wake zake, alikuwa ni yeye. Aliyechekwa alikuwapo pale pale, na alikuwa amelipwa.

Sasa tuelezee kisa kimoja kilichotokea katika mtaa wa Mbagala tunaoujua vyema, bila ya kumtaja mtu.

Palikuwa na mwalimu wa chuo mwenye kigugumizi. Alikuwa mtu mpole, na wanafunzi wake walishazoea kungoja neno lake litoke. Mtoto mmoja wa miaka tisa, mwerevu, mwenye sikio la ajabu la kushika sauti za watu, alianza kumwiga. Jumamosi moja, kabla ya mwalimu kufika, alikaa kwenye mkeka wake, akachukua fimbo yake, na kuisoma Alhamdu kwa kigugumizi mwanzo hadi mwisho. Wenziwe walilala chini kwa kicheko. Mwalimu alikuwa ameshafika. Alisimama nje ya mlango, viatu mkononi, hadi mtoto alipomaliza.

Hakumpiga. Aliingia, akamwondoa taratibu, akaketi, na kusoma sura ile ile. Na hapo watoto wakakumbuka jambo walilokuwa wakilisikia kila siku bila ya kulitia maanani: mwalimu yule alipokuwa akisoma Qur'ani hakuwa na kigugumizi hata kidogo. Ulimi wake ulikuwa ukifunguka kwenye Bismillah na kufungwa tena anapomwita mtu jina lake. Mtoto aliufahamu ukweli huo vizuri kuliko wote. Alitia kigugumizi mahali ambapo hakikuwapo, kwa sababu hapo ndipo kingechekesha zaidi.

Habari zilimfikia mama yake kabla ya adhuhuri. Alimshika mkono akampeleka kwa mwalimu kuomba radhi, na jioni hiyo akaifunika televisheni kwa kanga, akaapa haitafunuliwa Alhamisi nne mfululizo. Nyumba yenye ukumbi wa watu ishirini ikaingia msiba. Baba alinung'unika kwamba mtoto mmoja amewafungisha watu wazima saumu isiyo na daku. Wazee wa baraza walifurahi, wakisema waliyasema. Aliyeharibu furaha yao alikuwa mwalimu mwenyewe. Alikuja Alhamisi ya pili, akakaribishwa kiti, na baada ya kuhangaika na maneno yake akasema kanga hiyo iondolewe. Kipaji hicho, alieleza, mtoto hakukitoa kwenye televisheni. Babu yake alikuwa mwigaji mashuhuri wa harusi za Mbagala na Kongowe miaka ambayo umeme haukuwa umefika, naye mwalimu akiwa kijana aliwahi kuigwa na babu huyo mbele ya watu, kigugumizi na vyote, akiwa amekaa safu ya mbele. Alicheka, kisha akainuka na kumwiga babu alivyokuwa akicheza ngoma kwa mguu wake mbovu, na watu wakacheka zaidi. Lililomuumiza Jumamosi ile, alisema, ni kwamba aliigwa akiwa nje ya mlango, na kwamba alisomeshwa vibaya aya ambazo hakuwahi kuzisoma vibaya.

Kanga iliondolewa. Bibi mwenye tasbihi alirudi kwenye kiti chake cha kutazama ukuta.

Baadaye mambo yalibadilika kwa haraka. Kabla ya miaka ya 2000 kumalizika kundi lile lilihamia TBC1, televisheni ya taifa. Kulikuwa na mzozo juu ya nani mwenye haki ya jina. Jina likabaki walikotoka, wao wakajiita Orijino Komedi. Mabarazani watu waliulizana kama mgeni anaweza kumcheka mwenyeji akiwa anakula kwake. Vituo vingine navyo vilikuwa na vichekesho vyao. Halafu usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na nyumba isiyo na king'amuzi ikawa na sanduku jeusi tu juu ya kabati. Katika nyumba zetu nyingi ukumbi uliozoea kujaa ulianza kutawanyika tangu siku hizo. Simu ndiyo iliyoutawanya kabisa.

Kumcheka mkubwa nako hakukuwa salama kama tulivyodhani tulipokuwa tukishangilia ukumbini. Mwezi Mei mwaka 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa na polisi baada ya kusambaa video inayomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli akiwa ndani ya suti kubwa. Mashtaka aliyofikishwa nayo mahakamani yalihusu usajili wa laini ya simu. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa linatuonyesha kipimo kilivyolala. Mkubwa akichekwa ana polisi. Mpangaji wa chumba cha uani alikuwa na nini?

Siku hizi mtoto wa Mbagala anacheka peke yake. Wachekeshaji wapo wengi kuliko wakati wowote, na miongoni mwao wapo hodari kwelikweli, wanaosimama jukwaani wenyewe na kusimulia ufukara wao, wake zao na mama zao, na hao tunawapenda kwa sababu ile ile tuliyompendea Majuto. Lakini kwenye simu wamechanganyika na mambo mengine: mlevi aliyeanguka mtaroni akarekodiwa na mpita njia, mama aliyekosea neno mbele ya kipaza sauti, mtoto mwenye ulemavu aliyevalishwa miwani akaambiwa acheze. Vipande hivyo ni vya nusu dakika, vinatazamwa chini ya shuka, na hakuna baba wa kukohoa. Mzazi wa leo anayemzuia mwanawe kutazama vichekesho vya usiku hajui hata azuie nini, kwani haoni kinachochekwa. Anasikia pumzi tu. Tulilalamika sana, miaka ile, kwamba kipindi kinawakalisha mkwe na mama mkwe mbele ya mzaha mmoja. Ndugu msomaji, tungeweza kulalamika hivyo leo?

Mtoto yule wa Jumamosi sasa ni kijana wa makamo ya kuoa, ana pikipiki yake ya abiria na bado anaiga watu, hasa abiria wake. Mwalimu amezeeka na ameacha kufundisha. Alhamisi moja ya mwaka jana, baada ya Isha, tuliwakuta wote wawili kwenye baraza moja, mwalimu na kikombe chake cha kahawa, kijana na wenziwe wanne wameinamia simu moja, wanacheka hadi machozi. Mwalimu alisikiliza kwa muda. Kisha akanyoosha mkono na kuomba naye aone.

Kijana alisita, akawatazama wenziwe, akampa. Alikuwa ni mzee mmoja sokoni, hatukutambua ni soko gani, anajaribu kuhesabu chenji huku mikono ikimtetemeka, na aliyekuwa akirekodi alikuwa akimhimiza aharakishe. Mwalimu alitazama hadi mwisho, kikajirudia, akatazama tena. Akamrudishia simu na kumuuliza, neno baada ya neno, kama mzee huyo anajua kwamba anachekwa.

Kijana akasema hajui. Hakujua hata kama mzee huyo ni wa nchi hii.